Prado, korongo na njia ya Natron: bima kubwa ililipa nini na ilikataa nini

Kuna swali naulizwa sana, nikitoka nje ya lami nikaingia porini gari likaharibika, bima inalipa au hailipi? Majibu yanayozunguka mtaani ni mawili tu, huyu anakwambia ukishatoka barabarani umejitakia, yule anakwambia bima kubwa inalipa kila kitu ndo maana ikaitwa kubwa. Yote mawili yanapoteza hela za watu. Mimi nashughulika na madai ya bima za magari hapa Arusha, upande wa mteja, na kisa hiki nakisimulia kirefu kwa sababu ni gari moja, safari moja, siku moja, lakini karibu kila kilichoharibika kilipata jibu lake peke yake. Mwenye gari karidhia nieleze, jina lake na la kampuni nayaacha.

Gari ni Prado ya dizeli, ya zamani kidogo ila ya kutunzwa, kwenye bima iliandikwa thamani ya shilingi milioni 40. Alikuwa na bima kubwa ya gari binafsi kwa asilimia 3.5, yaani 1,400,000, ukiweka na VAT ya asilimia 18 inafika 1,652,000 kwa mwaka. Nataja hesabu hii makusudi, manake ile bima ndogo ya 118,000 ambayo wengi tunakata ili trafiki asitusumbue haigusi gari lako kabisa, inalipa mtu uliyemuumiza au mali yake uliyoharibu, basi. Kama una bima ndogo na umevunja gari lako porini au hata katikati ya Kariakoo mchana kweupe, hakuna cha kujadili, unatengeneza mwenyewe.

Safari ilikuwa Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu unaacha lami unaingia kulia kwenda Selela, Engaruka mpaka Engaresero, kule chini ya Ol Doinyo Lengai kwenye Ziwa Natron. Waliopita wanaijua. Ni rafurodi ya kweli, changarawe, mawe, makorongo yanayokatiza njia, na ukikaribia mlima kuna lile vumbi la majivu, ule mlima ni volkano hai na ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008, gurudumu linazama mpaka unashangaa. Walikuwa watu watano, marafiki wa kazini, kila mmoja kachanga 150,000 kwa ajili ya mafuta, chakula na kulala. Huo mchango ukumbuke, utarudi.

Mbele ya Engaruka walifika kwenye korongo ambalo mvua ilikuwa imekula njia, ukingo umekatika wima. Magari mengine yalikuwa yameshachepuka, alama za matairi zinaonekana zinaingia mbugani zinazunguka mpaka sehemu korongo linaposhukika. Naye akafuata. Wakati anateremka upande wa pili gari likateleza kwenye mchanga, likaenda upande, likajibamiza ubavu wa kushoto mbele kwenye jiwe kubwa. Fenda ikaingia ndani, taa ikapasuka, bampa na mlango wa mbele vikaumia, tairi la kushoto likachanika na rimu ikapinda. Katika purukushani hiyohiyo jiwe jingine likagonga chini, kwenye sampu, lile bakuli la chini linalobeba oili ya injini, likaacha ufa.

Vijana wa Kimaasai waliokuwa na ng'ombe hapo karibu wakaja wakasaidia kusukuma, tairi likabadilishwa, picha zikapigwa za ubavu kila pembe. Chini ya gari hakuna aliyechungulia. Wakaendelea. Baada ya kilomita kama 20 taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi, jua linaelekea kuzama, abiria wamechoka, kila mtu anasema Engaresero si hapo tu, akaendelea. Injini ikaanza kugonga, ikanoki, ikafa kabla hawajafika. Kesho yake wakatafuta bredauni, gari likavutwa mpaka Arusha kwa 1,400,000.

Barua ya kwanza ya kampuni ilikuwa fupi na ilikataa kila kitu kwa sentensi moja, kwamba gari lilikuwa "nje ya barabara" wakati wa ajali kwaiyo dai halikubaliki. Watu wengi wakipata barua ya hivyo wanaikunja wanaweka kwenye droo wanaanza kukopa hela ya fundi. Naomba sana usifanye hivyo, jamani. Chukua mkataba wote, siyo ile stika wala cover note (ile hati fupi ya kuonyesha una bima), mkataba wenyewe wenye kurasa nyingi, na kama hukupewa nenda kauombe, ni haki yako, halafu utafute kwa kidole hilo neno la barabara limeandikwa wapi.

Kwenye mkataba wake halikuwepo popote upande wa uharibifu wa gari lenyewe. Eneo la bima liliandikwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Hapakuandikwa barabara za lami za Tanzania, wala barabara zilizotangazwa, ni Tanzania yote, na lile korongo liko wilaya ya Monduli ndani ya Tanzania. Halafu sehemu inayosema kampuni inalipa nini inataja ajali ya kugonga au kupinduka, moto, wizi, uharibifu wa makusudi wa watu wengine, na gari kuharibika likiwa linasafirishwa. Gari lilijibamiza kwenye jiwe bila kukusudia. Hiyo ni ajali ya kugonga, iwe lami iwe mbugani. Na kanuni inayotumika kwenye mashauri ya bima ni kwamba mteja anaonyesha hasara imetokea na imeingia kwenye kile kilichokatiwa bima, baada ya hapo kampuni ikitaka kujitoa kwa kipengele fulani ni yenyewe inayobeba mzigo wa kuonyesha kipengele hicho kipo na kinahusika. Wao walitaja sababu ambayo haimo kwenye karatasi yao wenyewe.

Nisieleweke vibaya lakini, kuna mikataba inayoondoa ofurodi waziwazi, imeandikwa kabisa kwamba hailipi gari likitumika nje ya barabara zinazopitika na umma, na kama ya kwako iko hivyo basi hapa mjadala wako unakuwa mgumu sana. Na magari ya kukodi ni habari nyingine kabisa, pale unafungwa na mkataba wa mwenye gari kabla hata hujafika kwenye bima, na mingi inasema uharibifu wa chini ya gari na matairi ni wa mteja. Pia kama ingekuwa ndani ya Serengeti, ambako kuacha njia zilizowekwa ni marufuku, kampuni ingekuwa na hoja ya kwamba ulikuwa unavunja sheria wakati wa tukio. Njia ya Engaruka haiko hivyo, wale waliochepuka walichepuka kwa sababu njia yenyewe ilikuwa imekatika.

Tukawaandikia barua tukiwauliza kipengele gani. Barua ya pili ikaja imechambua zaidi, na kwa kweli hii ilikuwa na akili, ilileta hoja nne na mbili zilikuwa nzito.

Hoja ya kwanza ni ule mchango. Asesa, yaani mtu anayekagua uharibifu kwa ajili ya kampuni, alipowahoji abiria, mmoja akasema bila wasiwasi "tulilipa laki na nusu kila mtu", na mkataba wa gari binafsi unakataza kubeba abiria kwa malipo au kukodisha. Hapa watu wengi wanaumia bila kujua. Kuchangia mafuta na chakula mkiwa marafiki mnaosafiri pamoja siyo biashara ya kubeba abiria, lakini lazima uweze kuonyesha. Bahati nzuri mambo yote yalikuwa kwenye grupu la WhatsApp, nani kanunua nyama, nani kalipia kambi, mafuta kiasi gani, na mwenye gari naye alichanga kiasi kilekile hakubaki na faida hata shilingi. Tukachapisha mazungumzo yote tukapeleka, hoja ikaondolewa. Angekuwa ametangaza "nafasi 4 Natron wikiendi hii, 150,000 kwa kichwa" kwa watu asiowajua, nisingekuwa na cha kumtetea, na angekosa kila kitu pamoja na ubavu wa gari.

Ya pili ni mfumo wa miguu ya gari, yaani springi na shokapu. Mikataba yetu mingi imerithi maneno ya zamani yanayosema kampuni hailipi uharibifu wa springi unaotokana na njia kutokuwa sawa au gari kugonga mashimo na matuta ya njia hiyo, na wa kwake uliongeza na shokapu. Pia hailipi kuchakaa. Gari lilikuwa na springi ya nyuma kulia iliyovunjika na shokapu ya mbele kushoto iliyopinda pamoja na mkono wake. Kampuni ikazifuta zote mbili kwa kipengele hicho kimoja.

Sasa hapo ndo kazi ya kuchambua inapoanza, kwa sababu vitu hivi viwili viliharibika kwa sababu tofauti. Springi ya nyuma kulia iko mbali na lile jiwe, haina alama ya kugongwa, na asesa alionyesha kutu ndani ya sehemu iliyovunjika, maana yake ilikuwa na ufa wa siku nyingi na zile ngazingazi za barabara zimeimalizia. Hiyo ni ya kwake, na nilimwambia mapema asiipiganie, manake ukibishana hata pale penye ukweli mwenye kukusikiliza anaacha kukuamini na pengine. Ila shokapu ya mbele kushoto iko palepale jiwe lilipogonga, rimu imepinda, mkono umepinda, fenda imeingia ndani, vyote upande mmoja kwa pigo moja. Haikupindishwa na njia kutokuwa sawa, imepindishwa na ajali ya kugonga, ambayo ndiyo hasa iliyokatiwa bima. Wakabishana wiki kadhaa, tukaomba fundi wa gereji yao wenyewe aandike pigo lilitoka upande gani. Aliandika kutoka ubavuni. Wakakubali.

Tairi halikuwa na shida sana. Mikataba mingi inasema tairi peke yake halilipwi, kwamba ukipata pancha au tairi likichanwa na jiwe ni juu yako, isipokuwa kama gari lenyewe nalo limeharibika kwa wakati huohuo. Hapa liliharibika, picha zipo, wakalipa.

Hoja ya tatu ndo iliyouma, injini. Kila mkataba wa bima ya gari niliousoma una sharti linalokutaka uchukue hatua za busara kulinda gari, na linaendelea kusema gari likipata ajali au kuharibika usiliache hivihivi, na ukiliendesha kabla halijatengenezwa, uharibifu wowote unaoongezeka ni juu yako. Jamaa alikuwa na hasira kweli, anasema injini imekufa kwa sababu ya ufa wa sampu, ufa umetokana na ajali, ajali ina bima, kwaiyo injini ina bima. Mlolongo huo unaonekana umenyooka ukiusikia harakaharaka. Lakini katikati kuna kilomita 20 na kuna taa nyekundu.

Mimi nilimwambia wazi na sibadilishi. Kilomita zile za kwanza, kabla taa haijawaka, ana cha kujitetea, hakujua kuna ufa, ingawa mtu aliyetoka kugonga mawe mbugani akakagua ubavu asikague chini ataulizwa kwa nini. Taa ilipowaka hana. Taa ya oili nyekundu siyo kama ile ya mlango uko wazi, injini ya dizeli isiyo na oili inajiua kwa dakika chache tu, na kila sekunde aliyoendelea kukanyaga mafuta ilikuwa ni uamuzi wake. Namwelewa, ilikuwa jioni, ana watu kwenye gari, mtandao wa simu kule wa kubahatisha, lakini angezima na kubaki palepale na gari, wanne wengine wangekaa ndani ya gari usiku mmoja wa baridi na vumbi, na injini ya karibu milioni 7 ingepona. Bima hailipi hiyo na sioni namna ambavyo ingelipa.

Kuna jambo linalohusiana na hili ambalo watu hawalijui. Mikataba mingi ya aina ile inasema kampuni hailipi gari kuharibika kimashine, ila inalipa kugonga au kupinduka kunakotokana na kuharibika huko. Yaani kama breki zingefeli ghafla kwenye mteremko gari likaingia korongoni, breki zenyewe hulipwi lakini ubavu uliobonyea unalipwa. Mpangilio wa matukio unabadilisha jibu lote, ndo maana nasisitiza andika siku hiyohiyo kipi kilianza kipi kilifuata, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na kabla kila abiria hajapata toleo lake.

Sampu yenyewe ilibishaniwa pia. Kampuni ilitaka kuiingiza kwenye kile kipengele cha njia kutokuwa sawa. Kipengele kinataja springi na shokapu, hakitaji sampu, na maneno ya kuondoa kitu kwenye bima yakiwa na utata yanasomwa dhidi ya aliyeyaandika, ambaye ni kampuni. Jiwe liligonga sampu katika tukio lilelile la kuteleza na kujibamiza. Wakalipa.

Hoja ya nne ni bredauni, na hapa ndipo nilipofurahi. Mkataba unasema gari likishindwa kutembea kwa sababu ya uharibifu wenye bima, kampuni inalipa gharama za kueleweka za kulilinda na kulivuta mpaka kwa fundi wa karibu. Wakasema gari halikushindwa kutembea kwa sababu ya ajali, lilitembea kilomita 20 baada ya ajali, lilishindwa kwa sababu ya injini na injini haina bima. Tukawajibu hivi, nyie wenyewe mmekataa injini kwa hoja kwamba gari lenye sampu iliyopasuka halikupaswa kuendeshwa hata mita moja, sasa kama halikupaswa kuendeshwa maana yake palepale korongoni lilikuwa tayari ni gari la kuvutwa, na hiyo bredauni mngeilipa. Hamuwezi kusema halikupaswa kutembea alafu mseme lilikuwa linatembea vizuri. Hawakuwa na jibu. Walilipa 900,000 kati ya 1,400,000, wakidai gereji ya karibu ilikuwa Mto wa Mbu na yeye kalivuta mpaka Arusha, na hapo walikuwa sahihi, mkataba unasema wa karibu.

Hesabu ya mwisho ikawa hivi. Bodi na taa 4,300,000, tairi na rimu 620,000, sampu na oili 540,000, shokapu na mkono wa mbele 480,000, jumla 5,940,000. Ikakatwa eksesi, ile sehemu ya hasara anayobeba mwenye gari mwenyewe, ya asilimia 10, 594,000, akapata 5,346,000, pamoja na ile 900,000 ya bredauni. Springi ya nyuma na injini ya mtumba akanunua mwenyewe. Kutoka sifuri ya barua ya kwanza mpaka zaidi ya milioni 6 bila wakili na bila kumjua mtu yeyote ndani, ni kusoma mkataba na kujibu kipengele kwa kipengele kwa maandishi.

Tungekwama ngazi ya kampuni tungeenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya mteja wa kawaida kama huyu. Alitaka kwenda huko kudai injini. Nilimshauri aende kama anataka kusikia kutoka kwa mtu mwingine, ni haki yake, ila mimi naona atashindwa. Hakwenda.

Kilichonikera zaidi ni wakati wa kukata bima upya. Kampuni ilimletea mkataba wenye kipengele kipya, kwamba hailipi chochote gari likiwa nje ya barabara ya lami au ya changarawe iliyotangazwa. Wazazi wake wako kijijini Karatu, njia ya kufika kwao ni ya udongo mtupu, na sehemu kubwa sana ya barabara zinazosimamiwa na TARURA nchi hii ni za udongo. Kwa maneno yale kila Krismasi akienda nyumbani anakuwa hana bima kuanzia anapoacha lami, na ada ni ileile ya asilimia 3.5. Alikataa kusaini. Akawaambia andikeni "njia yoyote inayotumiwa na magari ya umma au ya wakazi", au punguzeni ada. Wakakaa nayo siku kadhaa wakarudi na pendekezo, kipengele kinaondoka, lakini akipata ajali nje ya njia inayotumika eksesi inapanda kutoka asilimia 10 kwenda 20. Hilo akalisaini, na kabla hajasaini aliwataka waandike kwenye karatasi hiyohiyo kwamba kuchepuka pale njia inapokuwa imekatika au imefungwa hakuhesabiki kuwa nje ya njia. Waliandika kwa mkono, wakagonga mhuri.